Mkono wa Kushoto

Novemba, tarehe tatu. Nimetia vitanzi mia na themanini na nne.
Nimehesabu mara mbili. Mara ya tatu nikaitwa dirishani
kumkatia tiketi kijana wa lori la samaki,
niliporudi vikawa mia na themanini na sita.
Nimeanza upya.

Sweta ni la Tóki, mtoto wa mdogo wangu Bergtóra.
Ana miaka sita, anakaa Tórshavn, saa mbili kwa feri.
Vipimo vimekuja nyuma ya mfuko wa mkate:
kifua sitini na mbili, mkono thelathini na moja.

Kazi yangu ni kukaa. Feri inaondoka, feri inarudi,
katikati kuna mvua, na mvua haikati tiketi.

Desemba. Mwili umefika kwapani.
Sufu ni ya kondoo wa Eyðun, ya kijivu, haijatiwa rangi,
bado inanuka mafuta na majani mabichi;
vidole vimenilainika kama vya mtu asiyeosha vyombo.
Nyota nyeupe, moja kila vitanzi vinane,
na nyuma ya kila nyota uzi unapita kimyakimya
kama jirani aliyesaidia na hataki kutajwa.
Ukitaka habari za sweta, ligeuze.
Nje ni salamu tu.

Nikichoka, ninapumzika kwa kofia.
Kofia haina kinyongo:
ianze baada ya chakula cha mchana, usiku inavaliwa.
Hii nimempa kijana wa lori.
Ameshukuru sana. Hajui nilivyomlaani.

Soksi nazo.
Ya kwanza imekwisha Jumapili,
kisigino kimekaa kama yai kwenye kijiko.
Ya pili tusiizungumze.
Droo yangu ina soksi tano na zote ni za kwanza.
Anayemjua mtu wa mguu mmoja amlete dirishani.

Januari. Mkono wa kulia umekwisha, nimeufunga, nimeupiga pasi.
Nikapiga simu. "Hebu mpime tena."
Nikasikia futi ikikunjuliwa, mtoto akicheka,
kikombe kikianguka.
Thelathini na nne.
"Unampa nini huyu?"
"Chakula," akasema Bergtóra.

Ndipo nikajua ninashindana na nani.
Mimi nina sindano tano na taa ya ofisi.
Yeye ana usiku kucha,
na mifupa inayofuma bila kuhesabu.

Nimefumua pindo. Uzi uliofumuliwa hautulii,
unajikunja mezani ukikumbuka kila kitanzi
kama mtu aliyehama na bado anaotea nyumba ya zamani.
Sufu ya Eyðun haikutosha. Ameniletea ya kondoo mwingine,
kijivu chake kimezidi giza kidogo.
Nimeiunganisha hivyohivyo.
Mstari unaonekana. Nilidhani nitauonea haya.

Machi. Bergtóra kaja naye, bila kuniarifu.
Sweta liko mapajani mwangu,
mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko, sindano zinaning'inia.
Tóki kaliingia hivyohivyo, kichwa kwanza,
akasimama ofisini kama nungunungu aliyenyolewa nusu,
abiria wakimchungulia kupitia kioo.

Akautazama mkono wa kulia.
Akaweka kidole pale kijivu kinapobadilika.
"Hapa nilikuwa mfupi," akasema.
Si kwa kuuliza.

Nikachukua futi. Bega, kiwiko, kifundo.
Sikumwambia mama yake namba.
Nikamwambia yeye, sikioni,
sindano zikimgonga ubavuni:
"Usikue mpaka Jumatano."

Akafikiri. Akajinyoosha, akajikunja,
akavuta pumzi akaibana.
"Nitajaribu, mama mkubwa," akasema,
na kwa kusema tu, pumzi ikamtoka.