Daftari la Kikao

Mimi ndiye mwenye kalamu.
Miaka tisa naandika vikao vya Marafiki wa Kadutu
katika daftari lililovimba kwa unyevu wa Bukavu,
kwa wino wa bluu, maana mweusi, alisema marehemu baba,
ni wa barua za mahakama.

Jumamosi ile tulianza na salongo.
Ngazi ya kupanda kanisani ilishuka na mvua usiku wa Alhamisi;
mawe kumi na manne tukayakuta kule chini kwa wauza makala,
na mtu tayari ameketi juu ya moja, anakunywa chai.
Tukayarudisha kwa mgongo, kwa kamba, kwa kelele.
Mama Nsimire akapika sombe katika sufuria ya kuazima,
kwa kuwa yake ilienda kwenye ndoa ya Januari na haijarudi.
(Hilo limo kwenye ajenda. Kila mwezi limo.)

Kisha tukaketi, matope yanakauka miguuni,
mbele yetu mabati kumi na mawili.
Tuliyanunua kwa sadaka ya mihogo na ndizi,
na kwa noti za faranga zilizochoka hadi tarakimu kufutika,
tuzibe paa letu.
Lakini mvua ile ile iliyobeba ngazi
ilibeba ubavu wa nyumba ya Cishugi, ng'ambo ya mfereji,
Cishugi asiyesali kwetu,
aliyetushitaki kwa chifu wa kartie juu ya mita moja ya ardhi,
na akashinda.

Sisi hatupigi kura.
Mikono haiinuki, hakuna wengi, hakuna wachache.
Tunanyamaza mpaka jambo lenyewe litugeuzie uso.
Tukanyamaza.
Sokoni redio ilikuwa inatangaza betri. Mtoto akapiga chafya.
Mama Nsimire akasimama: "Watoto watano wanalala chini ya shitingi."
Akaketi.
Halafu Mzee Birhashwirwa, mikono juu ya fimbo:
"Nimesikia. Ila moyo wangu hauko tayari, na sitaudanganya."

Niliandika: *Jambo limeahirishwa.*
Sikuandika jinsi fimbo ilivyotetemeka.
Sikuandika kwamba kwenye ile mita moja kuna mti wa avoka
aliopanda mwanawe kabla ya kuondoka, mwaka wa vita,
na kwamba sasa Cishugi ndiye anayeuchuma.

Jumapili ya kwanza tuliabudu katikati ya ndoo.
Ya pili, ndoo hazikutosha, tukakata bidoni.
Vijana wa kwaya wakanung'unika: mabati yanang'aa pale nyuma
na sisi tunalowa, yasiende huko, yasipande hapa!
Hakuna aliyekwenda kumsukuma mzee.
Hilo lilikuwa zito kuliko mawe ya ngazi.

Jumamosi ya tatu alifika kabla yetu,
nyundo kiunoni, akaniuliza mimi, mtu wa kalamu:
"Misumari ya bati iko kilo ngapi?"
Akavuka mfereji na bati la kwanza kichwani, peke yake.
Cishugi alikuwa juu ya mbao, akapokea.
Siku nzima hawakuzungumza, isipokuwa
lete, shika, kidogo kushoto, angalia kidole.

Nami nifanyeje? Hakusema ndiyo.
Niliandika: *Kikao kimeona njia.* Nikafuta.
Niliandika: *Mabati yamevuka.*

Leo inanyesha tena.
Tumekaa kimya, ndoo zinaitikia tone kwa tone,
ya plastiki na ya chuma, kila moja na koo lake,
na ng'ambo ya mfereji mabati yetu yanapigwa kwa nguvu zote,
hata kama mtu angetaka kuhubiri asingesikika.
Birhashwirwa amefumba macho,
sikio ameligeuzia upande ule.
Sijui anasikia nini. Si kazi yangu kuandika.

*Jambo la nne: sufuria ya Mama Nsimire.*
Bado.