Nusu na Mmoja

Daftari lina majina mia nne na kumi na mawili.
Nusu na mmoja ni mia mbili na saba.
Hesabu hii naijua kama njia ya kwenda jikoni gizani.

Ukumbi wa mazoezi wa shule, Kamenná Dolina.
Kamba za kupandia tumezifunga juu, zisiguse vichwa vya watu,
na sanduku liko palepale lilipokaa nilipokuwa msichana,
enzi za orodha moja,
tarumbeta zikilia tangu alfajiri
na machungwa yakiuzwa mlangoni, siku hiyo tu.
Mgonjwa alifuatwa na sanduku kitandani.
Asiyekuja aliandikwa.

Leo chama cha kaka yangu kimesema: msiende.
Vendelín alikianzisha jikoni kwetu,
majira yale ya baridi tulipotikisa funguo uwanjani:
watu saba, taipureta moja, chupa ya vitunguu vya siki,
wakaapa kwamba hakuna tena atakayeambiwa
siku ya kura apeleke wapi miguu yake.
Sasa kabandika karatasi kituo cha basi:
Kaa nyumbani. Kimya chako ni Hapana.

Swali lina maneno kumi na tisa na koma mbili.
Ardhi, na nani ainunue.
Koma ya pili ndiyo iliyokipasua chama.
Wenye Ndiyo waliondoka na muhuri,
wenye Hapana wakabaki na meza,
na mlango wa ofisi, juu ya duka la mikate,
una kufuli mbili; hakuna mwenye funguo zote.

Basi siri ya kura iko wapi?
Anayepanda kilima hiki ni Ndiyo, kila pazia linajua.
Bi Kveta wa duka la dawa kaja na miwani ya jua
na mvua inanyesha.
Mwalimu Ctibor kapitia makaburini.
Nawapa karatasi, napiga mstari kwenye jina, sisemi.
Zamani aliyekosekana ndiye aliyeonekana.

Saa tatu na nusu usiku: mia mbili na watano.
Vendelín yuko nje, chini ya taa, hana mwavuli.
Namjua. Anatamani kuingia aseme Hapana kwa mkono wake,
kama mtu mzima,
lakini Hapana yake ikitumbukia humu
itaibeba Ndiyo mgongoni mpaka ng'ambo.
Yeye angekuwa wa mia mbili na sita.
Na mimi sijapiga.

Tulitazamana kupitia kioo chenye waya.
Akainua mkono. Sijui aliaga au aliomba.

Saa nne nikabana mlango.

Asubuhi redio ikasema chama kimeshinda.
Kipi? Vyote viwili: kimoja kwa waliokuja,
kingine kwa waliolala.

Ila usiku ule alinibebea mfuko mpaka chini,
hakuniuliza, sikumuuliza.
Kituoni akasimama, akaanza kubandua karatasi yake kwa kucha.
Ikatoka pembe moja tu.
Gundi aliinunua nzuri.