Saa Sita ya Jumatatu, Orting

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa sita kamili,
king'ora kinaujaza mji,
na mimi, mikono kwenye povu la sinia za shule,
nashika mfuko wa aproni
kana kwamba ufunguo wa nyumba ya Goma bado umo.

Ni majaribio, Masika, husema mpishi mkuu.
Najua ni majaribio.
Magoti yangu ndiyo hayajui Kiingereza.

Mlima wenyewe, siku nyingi, haupo.
Wingu limeulamba. Halafu asubuhi moja ya Machi
unafungua pazia, umesimama mwisho wa barabara,
mweupe, mkubwa kupita adabu,
na watu husema tu: "Mlima umetoka,"
kama jirani aliyetoka kuokota gazeti.

Nilimwuliza Lorna Haskett, apandaye huko na betri mgongoni
kuvilisha vyombo vinavyosikiliza chini ya theluji:
huu na wetu ni ndugu?
Akachukua sahani mbili chafu.
Kwenu ardhi inaachana, alisema,
akazitenga, mchuzi ukadondoka katikati,
inachanika kama mkate, moto unapanda kwenye ufa.
Hapa ni kinyume.
Akaisukuma sahani moja chini ya nyingine.
Sakafu ya bahari inazama chini ya bara
kwa mwendo wa ukucha unavyoota,
inazama na maji yake, yamefungwa ndani ya jiwe.
Kilomita kama mia chini, jiwe linatoka jasho,
na jasho hilo huliyeyusha jiwe la juu yake.
Kilichoyeyuka ni chepesi.
Chepesi hupanda.

Nikaziosha zile sahani.
Usiku sikulala vizuri:
kumbe ni maji yanayouwasha mlima.

Wetu ulimwaga moto. Januari, elfu mbili na mbili,
lava ilipita mtaani kama mtu mwenye hati ya kiwanja,
bila haraka, bila hodi.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na sufuria ya maharage mabichi mikononi,
kwa sababu mama alisema: shikeni kitu.
Dada yangu Kahindo alishika mlango.
Mlango!
Tuliubeba zamu kwa zamu hadi Gisenyi.
Baadaye tukasikia kwamba mlima ulikuwa umetetemeka siku nyingi,
na wachache walisikia,
na habari haikufika kwetu.

Huu wa hapa hauhitaji hata kulipuka.
Ubavu wake umeozeshwa na mvuke, barafu imeukalia;
ukikatika, litashuka tope zito kama zege, na magogo ndani,
likifuata mto hadi kwetu.
Limewahi kufika. Mafundi wakichimba misingi
hukuta visiki vya msitu wa miaka mia tano
vimesimama wima gizani.
Wanaving'oa. Wanamwaga zege. Nyumba zinauzwa.
Mojawapo nimepanga mimi.

Aprili tulitembea, shule nzima, kuelekea mwinuko.
Dakika arobaini, alisema Lorna, labda zaidi kidogo,
tangu waya wa juu ulie mpaka tope lifike darajani.
Sisi tulitumia hamsini na mbili.
Sababu ni kamba za viatu, na bata mmoja mtaroni
ambaye darasa la pili lilikataa kumwacha.
Lorna hakugomba. Aliandika: bata.
Nikamwuliza vyombo vyake vinasikia nini wiki hii.
Hakuna, alisema. Upepo. Barafu ikijigeuza.
Ndiyo maana napanda. Nisipojua unavyonyamaza
nitajuaje umeanza kusema?

Nimemnunulia Mumbere viatu vya kubandika, visivyo na kamba.
Jana, akivijaribu sebuleni, akauliza:
Mama, siku yenyewe nishike nini?
Nikafungua mdomo nimjibu kama mtu mzima,
nikamwona Kahindo na mlango wake kichwani,
jasho, bawaba zikilia,
nikacheka mpaka mtoto akaogopa.