Safu ya Kuku

Jumamosi naondoka Mbale jogoo wa jirani hajamaliza kuwika,
daftari ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa,
napita Kiboswa, nashuka mteremko wa Mamboleo hadi Kisumu,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
ambako sisi walimu kumi na tisa,
chaki ingali kwenye mikunjo ya viatu,
tunasomea uzamili wa kuwa wakuu wa shule.

Daktari Abuya huchora mraba ubaoni, kisha mwingine ndani yake:
hii ni bodi, hawa ni wazazi, hapa utakaa wewe.
Niliutazama mraba wangu.
Ulikuwa mdogo kama kidirisha cha kulipia karo.

Muhula wa pili tukatumwa mashuleni kwa vitendo:
mfuate mkuu mmoja miezi mitatu kama kivuli chake,
uandike kila afanyalo.
Mimi nikapewa Bi Vugutsa,
shule ya wasichana chini ya mawe ya Mungoma.

Nikaandika:
Saa kumi na mbili na nusu. Aokota msumari njiani, autia mfukoni.
Saa mbili. Ahesabu magunia ya maharagwe. Moja limepungua. Hasemi kitu.
Saa tano. Mpishi alia ofisini. Mlango wafungwa. Sijui.

Kazi ikarudi na wino mwekundu:
Nadharia iko wapi?

Nadharia. Haya.
Jumatatu ya wiki ya sita alinikabidhi orodha ya wadaiwa,
majina arobaini na matatu.
Leo soma wewe, akasema, uizoee sauti.
Na mimi, Kageha, niliyewahi kusomwa vivyo hivyo
mwaka ule wa mvua ya mawe,
nikarudi nyumbani maili nne na sanduku kichwani
nikiapa kwamba nikikua,
nikasoma.
Nikasoma yote, jina la baba likifuata jina la mtoto,
na sauti yangu haikutetemeka.
Hicho ndicho kilichonitisha:
ilitoka safi, imenyooka, ya kiofisi,
kana kwamba ilikuwa ikinisubiri kifuani miaka yote hiyo.

Alhamisi akarudi mmoja, jina la ishirini na nane,
Mideva wa kidato cha pili, na kuku kwapani.
Mama amesema huyu ni wa kuanzia.
Karani akafungua kitabu cha risiti, akakifunga.
Kuna safu ya taslimu, safu ya hundi, safu ya benki.
Kuku hana safu.
Akafungwa kwenye mguu wa meza, akaichafua barua ya wizara,
nasi watu wazima watatu, vyeti tisa kwa jumla,
tukabaki kumtazama.

Nikamgeukia Bi Vugutsa. Kalamu tayari, nangoja funzo.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.
"Si wewe ndiye unayesomea mambo haya?"

Sikumbuki ni sura ipi niliyopaswa kuikumbuka.
Nilichukua rula, nikapiga mstari pembeni mwa ukurasa
pale pasipochapwa kitu,
ukapinda kidogo,
juu nikaandika Kuku,
chini yake: mmoja, mwekundu, anataga.
Nikatia sahihi.
Mideva akatoka mbio kuelekea darasani,
asije akatukuta tumebadili mawazo.

Hayo yote yamo katika ripoti yangu, ukurasa wa sitini na moja.
Mtihani ni Desemba, na swali moja, wanasema, halikosi:
Kiongozi huzaliwa au hufunzwa? Jadili.
Nitajadili. Shahada naitaka, sifichi,
na mshahara wake, na ofisi yenye pazia.

Ila leo, Daktari akiwa bado anachora miraba,
simu imenitetemekea mapajani. Karani.
Yule kuku ametaga juu ya faili ya ukaguzi, mwalimu.
Yai tuliandike wapi?