Inchi Tatu

Januari nilimshonea sketi, kiuno ishirini na saba.
Juni akaniletea: Mama, ipunguze, inaanguka.
Nikazungusha tepu. Ishirini na nne.
Nikapima tena, maana tepu hudanganya
ikijikunja mgongoni.
Haikuwa imejikunja.

Mimi ni fundi, hapa Umoja, kibanda cha tatu kutoka kwa muuza makaa.
Nusu ya shule ile inavaa kazi ya mikono yangu.
Namjua aliyeteguka bega kwa anavyovua sweta,
namjua aliyevunja ungo kabla mamake hajajua.
Kinyozi hajinyoi.
Kemunto nalala naye chumba kimoja,
pazia tu katikati.

Dalili zilikuja zimeazima nguo za wengine.
Usingizi wa mchana ulivaa uvivu.
Kimya kilivaa maringo ya kidato cha tatu.
Tumbo la kila Jumapili jioni nikalipa chai ya tangawizi.
Mwanga wa simu saa tisa usiku nikauita mvulana.
Hapakuwa na mvulana. Alikuwa akihesabu
saa zilizobaki kabla ya kengele.

Akaacha kugombania ukoko na kakake.
Nikashukuru: amekua.
Akaniuliza kama nimefunga kufuli, nikamjibu.
Akauliza tena, nikamjibu.
Mara ya tatu nikamfokea.
Ya nne hakuniuliza. Nilisikia nyayo,
kisha kufuli ikitikiswa, polepole, nisiamke.

Shangazi Moraa akasema, sisi tulikua na njaa,
na hakuna aliyepata muda wa kuhuzunika.
Pasta akamwekea mkono kichwani.
Nilikuwa nasema amina nilipoona kucha zake,
zimeliwa hadi nyama.

Siku ile ya tepu sikumuuliza una nini.
Swali hilo nilishalichakaza.
Nilitoa pini mdomoni, moja moja,
ili ninyamaze vizuri.
Stima ikapotea, kama desturi yake.
Gizani akasema:
Mama, nachoka kabla sijaamka.
Na moyo unakimbia nikiwa nimekaa.

Nikalitafuta jina la kitu hicho.
Kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili,
nikapata majina ya dhambi
na majina ya malaria.

Jumatano tukapanda ngazi za kliniki.
Daktari kijana, kisigino cha kiatu kimelika upande,
alimuuliza yeye, si mimi.
Mimi nilitazama kalenda.
Akaandika: sonona. Chini yake: wasiwasi.
Kemunto akasoma mara mbili,
kama anayehakikisha hakuyatunga mwenyewe.

Bado hali vizuri. Jana nusu chapati, leo chai tupu.
Lakini usiku akiuliza kufuli
tunaenda wote wawili kuishika.

Sketi nimeipunguza.
Mteja angeniambia kata, kitambaa cha ziada ni uzito.
Sikukata.
Inchi tatu nimezikunja ndani,
nikazipiga bandi kwa uzi mwekundu
nizione upesi
siku ya kufumua.