Mmefika Paa?

Mama hupinda kushoto mahali pasipo na kona.
Uwanjani kwa jirani, kati ya beseni la sambaza
na chukudu iliyolazwa ubavu,
anapinda, anainamisha kichwa kidogo, anaendelea.
Utotoni nilidhani ni mgongo.
Ni boriti. Boriti ya mlango wa jikoni
aliyoigonga kwa paji la uso siku yake ya kwanza kazini,
Mgiriki alipokuwa bado akihesabu vijiko kila usiku.

Vyumba vilifika namba kumi na tisa
lakini vilikuwa kumi na nane:
kumi na tatu Mgiriki aliiruka, aliiogopa.
Akaiita hoteli jina la mkewe, Eleni.
Kisha ikaja barua kutoka Kinshasa
na bwana mwenye abakosti mpya, akakabidhiwa
funguo, vijiko, madeni, na mama humo humo.
Huyo akaandika UKWELI juu ya Eleni.
Rangi ilikuwa ya bei nafuu. Mvua za Machi
zikamrudisha yule mwanamke herufi moja moja,
hata wageni wakasoma Ukweleni,
wakadhani ni jina la mahali.

Wakati wa vita haikuandikwa kitu.
Watu walisema tu: kule kwa askari.

Mama hasimulii askari. Husimulia mashuka.
Sabuni ya mche, maji ya ziwa ndoo kwa ndoo,
pasi ya mkaa, na mlima:
mlima ukikohoa usiku, asubuhi kamba nzima ina madoa,
afue upya, bila malipo.
Mteja mbaya kuliko wote, anasema, na hakuwahi hata kulala.

Alilala Januari ile, Alhamisi.
Moto haukukimbia. Ulitembea
kama mtu aliyebeba mizigo,
ukapita mapokezi bila kuandika jina,
ukapanda ngazi.
Mama alikuwa njiani kuelekea Gisenyi,
mimi mgongoni, kifuani daftari la dobi.
Siku ya tatu tulirudi, viatu vikinuka raba.
Akasimama. Akauliza watu: mtaa uko wapi?
Wakamwambia: umeukanyaga.

Basi tukajenga juu. Nani hakujenga juu?
Mbao, mabati, mlango unaotazama ulikokuwa mwavuli wa baa.

Mwaka jana tulichimba choo.
Fundi Bahizi, nyundo, tindo, wiki tatu,
cheche na matusi.
Kila asubuhi mama alikuja na chai yake kuchungulia shimo.
Mmefika paa?
Bado, mama.
Kesho yake tena: mmefika?
Mita moja na nusu, jiwe.
Mita mbili, jiwe.
Pesa ikaisha, jiwe likabaki.
Bahizi akakusanya vyombo vyake bila kumtazama.

Usiku huo alilifungua daftari. Sikuwa nimeliona ndani.
Chumba cha sita, Bwana Tshimanga, wa kahawa:
mashati matatu, suruali moja ya kitani,
zaire mbili na makuta hamsini.
Hakulipa. Aliondoka alfajiri na lori la Butembo.

Nikacheka. Mama, pesa hiyo ilikufa zamani,
hata benki haiikumbuki.
Akalamba kidole, akageuza ukurasa.

Pesa imekufa, akasema.
Shati hakulivaa?