Pasi

Sheria inanipa sekunde tatu.
Mguu wa kulia umeshatua, umekuwa kigingi;
wa kushoto una ruhusa ya kuzunguka tu,
kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya bweni.
Mpira uko kifuani. Kizibao kina herufi moja.
Uwanja mzima wa chuo, Nachingwea, mwezi wa kumi,
vumbi jekundu na harufu ya mabibo,
unangoja senta aamue.

Mkufunzi Nandonde alituchorea ubaoni
juu ya somo la Saikolojia ambalo halikufutwa vizuri:
kwanza mtazame Somoe chini ya goli.
Akizibwa, Fikira pembeni.
Akizibwa, Asumini.
Wote wakizibwa rudisha nyuma, usione haya,
mpira uliorudi nyuma bado ni wetu.
Mishale yake ilikuwa myeupe, imenyooka.
Hakuchora jua machoni. Hakumchora msichana wa Masasi
mwenye mikono mirefu kama upembo.

Moja.
Somoe ameinua mkono, ananiita kwa jina la utani,
na anayeita kwa sauti amewaambia na wapinzani.
Namtazama hata hivyo, namkazia macho kwa makusudi,
ili yule mrefu anifuate ninakotazama.
Anasogea. Nusu hatua. Ameyaamini macho yangu,
ambayo hata mama hayaamini.

Mbili.
Fikira anakata kushoto, chokaa ya mstari inamrukia soksini.
Angekuwa huru kama asingegeuka kuhakikisha kwamba namwona.
Sasa kivuli kimemfikia, kina pumzi ya mtu.
Huyo basi.

Pembeni wanapiga kelele: tupa! tupa!
Muuza korosho na sinia lake kichwani, naye ni kocha.
Wanadhani natafuta mtu.
Mimi natafuta mahali palipobaki patupu
na nani atawahi kufika.

Papo. Kona ya nyuma, karibu na mstari wa mwisho,
ukubwa wa mkeka wa kuanikia makopa.
Hakuna mtu. Ila bega la Asumini limeshaelekea huko,
bega tu, miguu yake haijaambiwa.

Asumini.
Jumatano aliniazima pasi ya mkaa,
akaniomba na sketi yangu ya mazoezi ya kufundishia,
akairudisha imeungua: ilikuwa imeshachakaa, alisema.
Aliunguza kwa pasi, nami nikamnyima pasi.
Robo tatu za mchezo sikumpa hata moja,
wala hakuna aliyehesabu
ila yeye na mimi.

Refa ameshavuta pumzi ya filimbi.
Ndani ya sekunde ya tatu kuna nyingine
isiyoandikwa kwenye kitabu cha sheria;
imekaa humo kama korosho ndani ya ganda,
na ganda, mnalijua, mafuta yake hubabua.
Humo nilimsamehe. Au nilitaka goli. Sijui.

Nikatupa. Si kwake:
kule atakakokuwa.

Mpira ukapita juu ya mikono yote ile,
ukashuka penye mkeka wangu,
ukagusa ncha za vidole vyake
ukatoka nje.
Thelathini na moja kwa thelathini. Masasi wakaimba hadi kwenye lori lao.

Uliona nini pale? akauliza mkufunzi.
Bega, nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepewa jibu la mtihani mwingine.

Usiku kwenye foleni ya bomba
ndoo yake ilikuwa nyuma ya yangu.
Tukanyamaza ndoo nne nzima.
Kisha: niliuona ukija, alisema.
Nilichelewa kwa sababu sikudhani ni wangu.

Nikamkingia maji kwanza.
Kesho alfajiri, kabla ya zamu za usafi,
mimi nitatupa, yeye atakimbilia patupu.
Sketi bado ninaivaa. Alama ya pasi iko nyuma, juu ya pindo,
umbo la kichwa cha mshale,
ncha yake inaelekea kona.